Farasi wa Babu Sponji

Kuuliza si ujinga. Methali hii kila mtu anaijua, ila wengi huikumbuka wakiwa wameshapotea njia. Mtu akiwa bado anatembea kifua mbele, ukimwambia "uliza," atakutazama kama umemtukania ukoo wake. Na maana yenyewe wala si nzito: jambo usilolijua wewe, yupo anayelijua, na mdomo hatukupewa kwa ajili ya kula tu. Basi fundi mmoja wa makochi, mtu mzima, mwenye mvi na heshima zake, alidhani amepewa kwa ajili ya kushikia misumari.

Walimwita Babu Sponji. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vioo, na humo ndani vumbi la sponji lilikuwa haliishi: kwenye nywele, kwenye nyusi, hadi kwenye chai. Alikuwa akifanya kazi na misumari midogo ishirini mdomoni. Aliisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, akaidaka kwa sumaku ya nyundo, ta! ta! ta!, kitambaa kikalala kwenye mbao kama kimezaliwa hapo. Mteja akiingia mlangoni, Babu humtazama mara moja tu kuanzia unyayo hadi utosi, na tayari anajua kiti chake kiwe na kimo gani. Hakuuliza. "Fundi anayeuliza maswali," alipenda kusema siku akiwa hana misumari mdomoni, "huyo bado mwanafunzi."

Alikuwa na mjukuu mmoja tu, mtoto wa binti yake, msichana anayekaribia miaka sita. Huyo mtaa mzima ulimwita Kwato, kwa sababu kutembea hakujui. Ukimtuma chumvi, anakwenda mbio za farasi, anarudi mbio za farasi, na akifika mlangoni anapiga mguu chini mara mbili na kupuliza pua. Aliwahi kukutwa akinywa maji kwenye beseni bila mikono. Mama yake alipomfokea, alijibu kwa kutikisa shingo.

Kila siku bibi yake humpitia chekechea mchana, wakaja wote karakana. Bibi hukaa kwenye cherehani kushona foronya za mito, na Kwato hupanda mkono wa kochi la mteja, miguu huku na huku, akaanza hadithi zake. Farasi fulani amefanya hivi, farasi fulani amekula karoti ikiwa na majani yake, farasi fulani amemtemea mate bibi. Babu, misumari mdomoni, alikuwa na jibu moja kwa hadithi zote.

"Mm."

"Babu, unasikia?"

"Mm-mm."

Sasa ikakaribia siku ya Kwato kutimiza miaka sita, na Babu Sponji akaanza kukosa raha. Chanzo kilikuwa Baba Mkubwa, kaka wa baba yake Kwato, wakala wa vifaa vya umeme, mtu anayeingia nyumbani kwa watu akitanguliwa na boksi. Mwaka uliopita Baba Mkubwa alileta farasi wa manyoya mrefu kuliko meza, na Babu Sponji alileta viatu. Viatu! Hadi keki inakatwa, vilikuwa bado ndani ya karatasi, na mtu alikuwa ameweka soda juu yake.

"Mwaka huu," alimwambia mkewe, "atanitambua."

"Nani? Mtoto?"

"Baba Mkubwa."

Bibi akasimamisha cherehani. "Mzee, siku ni ya mtoto. Si umuulize mwenyewe anataka nini?"

"Nimuulize! Mtoto analia hihihi toka asubuhi hadi jioni, mimi nikamuulize anataka nini? Wewe utamuuliza samaki kama anataka maji?"

"Ningemuuliza anataka yapi," alisema Bibi. "Ya bahari au ya kuchemsha."

Babu akajaza misumari mdomoni. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kikao.

Wiki ileile akaja muuza ngozi, mzee mmoja aliyezoea kumletea ngozi za viti. Alikunjua furushi lake juu ya meza ya kukatia, na chini ya ngozi za ng'ombe kulikuwa na moja iliyomtoa Babu macho. Ilikuwa ya farasi, imetengenezwa ikiwa bado na manyoya yake, rangi ya chai ya rangi, laini, inang'aa. Penye bega palikuwa na baka jeupe: kichwa cha mviringo na mpini mrefu uliopinda kidogo. Mkia nao ulikuwa mzima, mweusi, mzito.

Babu alipitisha kiganja juu yake. Akainusa, akaipima kwa shubiri. Moyo ulimruka kama mtoto aliyeona bembea. Kumbe Mungu hamtupi mja wake! Baba Mkubwa alete farasi wa pamba. Yeye ataleta farasi aliye farasi hadi nywele ya mwisho.

"Ngozi hii ina habari yake," alianza muuza ngozi. "Farasi mwenyewe alikuwa wa..."

"Mimi sinunui habari," Babu alimkatiza, akiikunja tayari. "Nanunua ngozi."

Mzee wa watu akainua mabega, akapokea chake, akaenda zake.

Kuanzia hapo kona ya karakana ikawekewa pazia. Kwato akapigwa marufuku kukaribia, na Bibi pia.

"Hata mimi?"

"Wewe hasa. Siri kwako hailali."

Bibi alinuna siku mbili. Lakini nyuma ya pazia lile, wasomaji, kazi ilifanyika. Babu alichonga mwili wa mbao ngumu, akaunda shingo iliyoinama kidogo kama inayosikiliza, akauweka juu ya miguu ya kubembea iliyopinda. Akauvika sponji tabaka tatu, penye mgongo nene zaidi ili mtoto asiumie. Kisha akaivuta ngozi, akaipigilia kwa misumari ya shaba, kila msumari umbali wa kidole kutoka kwa mwenzake. Lile baka jeupe alilihangaikia nusu siku nzima, hadi likakaa begani palepale lilipopaswa kukaa. Mkia aliushona kwa mkono. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya ufundi, machozi yalimlenga kwa kazi yake mwenyewe.

Siku ikafika. Sebule ya binti yake ilijaa ndugu na majirani. Baba Mkubwa, kama kawaida, alitangulia. Boksi lake lilitoa farasi wa betri mwenye taa machoni, anayetembea, anayelia, na anayecheza muziki ukimbonyeza sikio. Watoto wa jirani walipiga kelele. Kwato alisema ahsante, akambonyeza sikio mara moja kwa adabu, akamwacha azunguke chini ya meza.

Babu aliona adabu ile, akafurahi kimoyomoyo. Kazi kwisha. Akajikohoza.

"Kwato, njoo hapa. Bado kuna mnyama mmoja hajala keki."

Alivuta shuka.

Sebule nzima ilivuta pumzi. Hata Baba Mkubwa alisema, "Mzee, hii sasa ni hatari." Kwato akaja mbio zake za farasi kutoka upande wa pili wa chumba, nywele zinaruka, mikono mbele. Halafu, hatua tatu kabla ya kufika, akasimama ghafla kama aliyeona shimo.

Alivuta hewa puani. Akasogea polepole, akaweka kidole kwenye baka lile jeupe, akalifuata: kichwa cha mviringo, mpini, hadi pale unapopinda.

"Kijiko?" aliita.

Bibi, aliyekuwa nyuma yake, akakaa chini. Kiti hakikuwepo. Alikaa tu, sakafuni, mkono mdomoni.

"Kijiko gani, mama?" Babu aliuliza, tabasamu bado liko usoni kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliambia liondoke.

"Huyu ni Kijiko. Wa mkokoteni wa matofali." Kwato aliongea kwa sauti ndogo, ya mtu anayepiga hesabu ngumu. "Mjomba wa mkokoteni alisema amekwenda shambani kupumzika. Anakula majani." Akamtazama babu yake usoni. "Sasa kule shambani amevaa nini?"

Ungesikia mshumaa ukidondosha nta kwenye keki.

"Babu, ulimvua?"

"Hapana! Mimi siku... mimi nilinunua tu, mama, nilinunua..."

Kwato alishuka kwa kidole hadi tumboni mwa farasi, penye mstari wa shaba. Akagusa msumari mmoja, akagusa wa pili, wa tatu.

"Ulimpigilia misumari?"

Chini ya meza, farasi wa Baba Mkubwa akalia, taa za macho zikawaka, muziki ukaanza. Baba Mkubwa akapiga magoti kumtafuta swichi, jitu zima, na muziki unaendelea. Babu Sponji alikuwa akimsubiri mtoto alie, maana mtoto akilia unajua pa kumshika. Kwato hakulia. Aligeuka akaenda chumbani. Alitembea. Mguu mmoja mbele ya mwingine, taratibu, kama mtu mzima anayetoka msibani.

Mama yake Kwato ndiye aliyeanza. "Baba, hukuuliza ngozi imetoka wapi?"

"Ningejuaje mimi kama kuna farasi anaitwa Kijiko?"

"Ungejuaje?" Bibi alisema kutoka sakafuni. "Mwaka mzima anakuhadithia! Kila siku tunapita kwenye kiwanda cha matofali anampa karoti, anakuja anakusimulia, masikio unayo mawili. Mwaka mzima, baba watoto! Wewe ulidhani farasi wote wale ni wa kwenye ndoto? Ni yule mmoja!"

Siku zilizofuata karakana ilikuwa na sauti zake zote, isipokuwa moja. Ta, ta, ta, ya nyundo. Rrrr, ya cherehani. Mkono wa kochi ulibaki mtupu. Mchana Bibi alimchukua mtoto akampeleka nyumbani moja kwa moja, kwa sababu Kwato alikuwa amesema, bila hasira, kwamba karakana hataki. Siku ya nne binti yake akapiga simu.

"Baba, huyu mtoto amewafunika farasi wake wote kwa mataulo. Hata wa kwenye kitabu amemlaza kifudifudi. Nimemuuliza kwa nini."

"Amesemaje?"

"Anasema wasionekane ngozi zao. Babu asije akazipenda."

Babu Sponji alikata simu akatema misumari yote kiganjani. Aliitazama kama ndiyo kwanza anaiona. Yaani yeye, wa kuogopwa na mtoto! Yeye aliyembembeleza kwa mguu mmoja huku anashona! Alijua jambo moja: asipofanya kitu, yule mtoto atakua akimwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa daktari wa meno, na basi. Akafunga karakana mchana kweupe, akatoka kwenda kuuliza.

Alianza kwa muuza ngozi.

"Ile ngozi ya farasi. Ilikuwa ya nani?"

Muuza ngozi alimtazama kama mwendawazimu. "Leo ndiyo unanunua habari?"

"Leo naiomba."

Habari yenyewe ilimpeleka kiwanda cha matofali. Pale alimkuta mwenye kuendesha mkokoteni, mtu mwembamba mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope, akimfunga farasi mwingine, jike, kijivu, kijana bado. Babu aliposema jina la Kijiko, yule bwana aliacha mikanda ikaning'inia.

"Alianguka mwenyewe, mzee. Asubuhi, mkokoteni hata tofali moja hatujapakia. Tumbo. Nilimweka kichwa mapajani hadi mwisho, miaka kumi na moja tulikuwa pamoja. Tajiri akasema ngozi isipotee bure. Mimi kibarua tu, ningesema nini?" Akajifuta uso, vumbi likawa tope. "Halafu yule binti mdogo akaja na karoti yake mkononi. We ungemwambia nini? Nikasema shambani." "Wewe ngozi umeifanyia nini?"

Babu Sponji alimwambia. Yule bwana aliangalia pembeni, na kule kuangalia pembeni kulimchoma Babu kuliko angetukanwa.

Kutoka pale alikwenda kwa binti yake. Kwato alikuwa sakafuni, anachora mistari isiyo na miguu. Babu hakukaa kwenye kiti. Alishuka hadi chini, magoti yakalia kama mlango mbovu.

"Kwato, nina maneno mabaya. Nikwambie au nikae nayo?"

Mtoto alifikiri. "Niambie."

Akamwambia yote, bila sukari. Kwamba Kijiko hayuko shambani, amekufa, hakuuawa na mtu. Kwamba alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa rafiki yake. Kwamba yeye Babu aliona ngozi nzuri akaitaka, mtu akataka kumwambia ilikotoka, akamfunga mdomo. Safari hii Kwato alilia. Alilia sana, kwa sauti, kamasi zikimtoka, na akalilia kwenye shati la babu yake, ambalo lilikuwa na vumbi la sponji, hivyo akapiga chafya katikati ya kilio, wakacheka kidogo bila kupanga, kisha akalia tena.

Alipotulia, Babu akauliza swali ambalo lingemgharimu nusu dakika mwezi mmoja nyuma.

"Siku yako ile, wewe ulitaka nini hasa?"

"Sponji."

"Nini?"

"Sponji. Mkanda wa mkokoteni ulimchubua Kijiko shingoni. Alikuwa na kidonda hapa," akajionyesha, "na huyu mpya anacho, kidogo. Wewe una sponji nyingi. Nilitaka umshonee mto wa shingoni, mkanda usimuume."

Babu Sponji alibaki mdomo wazi, na safari hii haukuwa na msumari hata mmoja. Sponji! Vipande vilivyozagaa chini ya miguu yake, vile anavyovifagia kila jioni akavitupa! Amechonga, amepigilia, ameshindana na mtu mwenye betri, na mtoto alichotaka kilikuwa kwenye ufagio.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize," alisema Kwato.

Kesho yake walikwenda kiwandani wote watatu, Babu, Bibi na Kwato. Ngozi Babu alikuwa ameing'oa asubuhi na mapema, msumari kwa msumari, na kila mmoja uliotoka ulimuuma yeye. Alimuuliza Kwato ifanyweje. Kwato akasema irudi kwake. Mwenye mkokoteni akachimba nyuma ya tanuri, mahali Kijiko alipokuwa akipumzikia, wakaizika pamoja na mkia wake. Lile umbo la mbao lilibaki uchi karakana, likisubiri Kwato aamue, na mwenyewe alikuwa hajaamua.

Ndipo Babu akatoa futi kamba yake, akamwendea yule farasi jike wa kijivu.

"Mto uwe mpana kiasi gani?" aliuliza.

"Hadi hapa," alisema mwenye mkokoteni.

"Anavuta kwa bega lipi zaidi?"

"La kushoto."

"Akitoka jasho? Kitambaa gani hakitamuwasha? Mshono uwe ndani au nje?"

"Mzee," alisema yule bwana akicheka, "una maswali kama karani wa pasipoti."

Siku tatu baadaye mto ulikuwa tayari: turubai laini nje, sponji tabaka mbili ndani, mshono nje, mbali na ngozi. Wachoma matofali waliacha tanuri wakaja kutazama. Babu aliuvisha mkanda, akaufunga, akarudi nyuma. Farasi alisimama kimya. Kwato naye alisimama kimya.

"Kwato, unaonaje? Umemkaa?"

"Mimi sijui," alisema Kwato. "Si shingo yangu. Muulize mwenyewe."

Wachoma matofali wakaangua kicheko. Bibi akafumba macho kwa aibu. Lakini Babu Sponji, fundi wa miaka thelathini, aliyekuwa haulizi mteja hata kimo chake, alivua kofia, akasogea hadi kwenye sikio la yule mnyama mbele ya kundi zima la watu, akauliza kwa sauti ya kusikika:

"Samahani, mama. Panakubana mahali?"

Farasi aligeuza sikio. Kisha akaegemeza bega la kushoto kwenye ule mto, kwa uzito wake wote, akavuta. Magurudumu yakazunguka, mkokoteni ukaenda bila yeye kukunja shingo hata mara moja. Kicheko kikakatika. Kwato akaushika mkono wa babu yake, mwenyewe, bila kuombwa, na wakaufuata mkokoteni hadi mwisho wa uwanja. Watu waseme watakavyo juu ya mzee aliyezungumza na farasi. Yeye alikuwa amepata jibu, na kuuliza si ujinga.